Swali la lugha: Wakristo wapige vita, wapigane vita au wapinge vita?

Swali la leo ni la msomaji wa Mombasa, nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Kanisani tulikuwa na wiki ya maombi ya amani, vijana wakaandika bango WAKRISTO TUPIGE VITA VITA. Mzee wa kanisa akasema neno limejirudia, futeni, andikeni WAKRISTO TUPIGANE VITA. Nani yuko sawa? Halafu ni vita hii au vita hivi?"

Marahaba. Aisee vijana wako sawa, na mzee wetu kwa heshima zote bango lake likining'inizwa pale getini polisi watakuja kuuliza maswali, manake kaigeuza maana yote juu chini.

Kupiga vita kitu, siku hizi, ni kukipinga kwa nguvu zote. Tunapiga vita rushwa, ukeketaji, dawa za kulevya. Sasa angalia kitenzi: tunasema "tunaipiga vita rushwa", ile -i- ni ya rushwa, na ukigeuza unapata "rushwa inapigwa vita". Vita hapo vimeshagandana na piga, havijitegemei tena. Kwa hiyo kwenye "tupige vita vita", vita vya kwanza ni sehemu ya kitenzi na vya pili ndo vinavyopingwa. Kisarufi hakuna kosa hata moja, masikio tu ndo yanakwama. Kupigana vita ni jambo lingine kabisa, hapo unashika silaha unaingia uwanjani.

Nadhani mzee kachanganywa na Biblia yenyewe. Kwenye ile tafsiri ya Kiswahili ya Union Version tuliyokua nayo wengi, 2 Timotheo 4:7, Paulo anasema "Nimevipiga vita vilivyo vizuri". Hakuna anayeelewa kwamba Paulo alikuwa anapinga vita vizuri, sivyo? Siri iko kwenye -vi-, inarudi kwa vita vyenyewe, yaani alivipigana. Ndo matumizi ya zamani hayo, piga vita bila kumtaja unayempinga, na kanisani bado yanaishi, ndo maana mhubiri akisema "tunapiga vita" waumini wanaitikia amina tu wala hawaulizi ni nini kinapigwa. Nje ya kanisa ukiandika hivyo unaleta balaa. Mfano Marafiki, yaani Quakers, wale wa Kaimosi magharibi mwa Kenya walioanzishiwa misheni 1902, kanisa lao tangu Uingereza karne ya 17 linakataa kushika silaha. Ukiandika "Marafiki wanapiga vita" ukaishia hapo, umewazulia jeshi watu wa amani! Andika wanapinga vita, imeisha.

Na kuna mtego mwingine hamkuuliza ila nautaja kwa sababu uko hapo hapo mjini kwenu. "Kupigana na". Chukua Ngome ya Yesu, Wareno walianza kuijenga 1593 (mi huwa najiuliza nani aliona ngome ya mizinga ndo ya kuipa jina la Yesu, lakini tuendelee). Kuna Sultani Yusuf bin Hasan, alilelewa Goa, kwa Wareno huko India, akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo, akarudishwa Mombasa kutawala chini ya Wareno, halafu 1631 akaasi, akaiteka ngome na kurudi kwenye Uislamu. Ukiandika "Yusuf alipigana na Wareno" msomaji asiyejua hiyo historia atashindwa kujua walikuwa upande mmoja au walikuwa maadui, na kwa mtu kama huyu maana zote mbili zinawezekana kabisa. Sema alipigana dhidi ya Wareno, au pamoja nao, usiache "na" peke yake ibebe mzigo huo. Ukitaka kinachogombewa tumia pigania: Waomani na Wareno waliipigania ngome kuanzia 1696 mpaka Waomani wakaichukua 1698.

Hii au hivi? Shuleni utafundishwa vita hivi, na Biblia iko upande huo, Zaburi 46:9 "Avikomesha vita hata mwisho wa dunia". Lakini vitabu vya historia vinaandika Vita Kuu ya Pili, na ukisema "Vita Vikuu vya Pili" watu watakuangalia mara mbili ingawa hujakosea. Mi kwenye mtihani naandika hivi, kwenye jina la vita vya dunia naacha Kuu ya, na mtaani simsahihishi mtu. Usichanganye tu ndani ya sentensi moja, "vita hii vilivyoanza" hapana.

Bango sasa. Kama mzee bado anasumbuliwa na vita mara mbili, WAKRISTO TUPINGE VITA inatosha, fupi na inaingia kwenye kitambaa. Au chukueni Mathayo 5:9, HERI WAPATANISHI, hilo mzee hawezi kulifuta.