Maswali na majibu: "Kwenye FPGA imekubali"

Mukubwa, kichakataji chetu cha RISC-V (seti ya amri za kichakataji iliyo wazi kwa wote) kimekubali kwenye bodi ya FPGA, chipu inayopangwa upya kila tukitaka. Tutume kiwandani itengenezwe chipu yenyewe? (Wanafunzi watatu, Katuba, Lubumbashi)

Bado. Siku hizi kila mtu ananionyesha bodi ya FPGA kama cheti cha ubatizo. FPGA ikiwashwa, rejista zake, yaani vihifadhi vidogo vya 0 na 1, hupewa thamani za kuanzia. Za chipu itokayo kiwandani huamka na 0 au 1, vyovyote itakavyotokea. Rejista mliyosahau kuiunganisha na riseti (ishara ya kuirudisha mwanzo) imenyamaza mezani kwenu. Itasema ndani ya chipu, na huko hakuna kufuta. Endesheni uigaji wa kompyuta kwa Icarus Verilog, mtafute X nyekundu, alama ya thamani isiyojulikana, kwenye GTKWave inayochora ishara. Msitegemee kiigaji cha Verilator kwa hilo, chenyewe kimsingi inajua 0 na 1 tu.

Halafu programu. Kumbukumbu ya FPGA huja imeshajazwa programu yenu. SRAM, kumbukumbu ya ndani ya chipu, huamka na takataka. Nani ataijaza? Mkinijibu "kidhibiti tulichoandika wenyewe", nauliza tena: kikigoma? Wekeni JTAG (mlango wa kuingia ndani ya chipu kuipima na kuijaza), na pini ya kuingizia saa ya nje, yaani mapigo yanayoiendesha chipu, siku PLL, saketi ya kuzalisha saa hiyo ndani, itakapokataa. Ndiyo, pini ni chache na juri ya walimu haitawapigia makofi kwa ajili ya JTAG. Wekeni hivyo hivyo. Mpango wa kupima huandikwa kabla ya mstari wa kwanza wa Verilog, lugha ya kuandikia saketi, na nyinyi barua nzima hamkuutaja.

Shaba ni yetu. Kwa nini chipu zitoke Taiwan? (Papa mmoja, Kamalondo)

Papa, kwa heshima zote, swali hili nimelijibu mara nyingi. SKY130, teknolojia ya nanomita 130 ambayo Google na kiwanda cha chipu SkyWater waliifungulia umma mwaka 2020, nyaya zake ni za aluminiamu. Chipu nyingine zina shaba kweli, lakini si shaba inayotukwamisha. Tunakosa watu wa kupima, na shule zetu bado zinafundisha umeme ubaoni bila kumpa mtoto mita mkononi.

Ninunue laptop gani?

Yenye RAM ya GB 16 na betri nzima. Msiniulize tena.

Rafiki amenipa kwenye flashi programu ya kuchorea chipu iliyovunjwa leseni. Nitumie?

Programu za Yosys na OpenROAD hufanya kazi hiyo, na ni za bure. Na ukija kuchapisha utafiti, utaandika leseni ya nani?

Chipu yetu imerudi. Kwenye MHz 50 inakosea hesabu. Tushushe saa? (Bel-Air)

Shusheni. Makosa yakiisha kwenye MHz 10, ishara zilikuwa zinachelewa. Mna chipu ya polepole, lakini vipimo mtapata. Yakibaki yaleyale kwa kila kasi, huenda ishara zinawahi mno kufika kwenye rejista, na hapo kupunguza saa hakusaidii kitu. Badilisheni volti kidogo kidogo, ndani ya mipaka ya kiwanda, mwone kama kosa linahama. Lisipohama, rudini kwenye Verilog yenu, kosa linaweza kuwa la mantiki tu.

Lakini mnasema mliichomeka moja kwa moja, bila kikomo cha mkondo! Kwa umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo? Chipu ya pili ianzeni na kikomo kidogo, msome mkondo kabla ya kuwasha saa. Na picha ya oskiloskopu (chombo cha kuchora ishara za umeme) mliyonitumia haionyeshi volti wala muda, ipigeni upya.