Shangazi, tunahamia Karen na usingizi umenikimbia

SWALI: Shangazi habari yako, mi husoma safu yako kila mwezi lakini leo ndiyo mara ya kwanza kuandika. Tumeishi Umoja hapa Nairobi miaka 11 na mzee wangu. Sasa amepandishwa cheo, kampuni itamlipia nyumba Karen, ule mtaa wa matajiri, iko kwa ploti ya nusu ekari, na majirani wote wananipongeza eti nimeomoka. Lakini usiku silali. Hapa nikikosa chumvi natuma mtoto mlango wa pili, chama chetu kinakaa kwa Mama Brayo hapo chini, watoto (wa miaka 9 na 6) wakitoka shule wanapotelea kwa korido mpaka niwaite chakula. Huko nasikia kila mtu na geti lake. Niambie ukweli, maisha ya huko yakoje? – Mama Wawili, Umoja

JIBU: Mama Wawili hongera, na usijilaumu kwa kukosa usingizi. Mimi nimeishi Karen miaka 7, nyumba ndogo ya nyuma kwenye kiwanja cha watu upande wa Hardy, kwa hivyo haya nakwambia niliyaona.

Kitakachokupokea kwanza ni kimya. Umezoea makanga, muziki wa jirani, mtu akikaanga vitunguu saa nne usiku, na huko ghafla unasikia mpaka friji ikinguruma. Usiku wangu wa kwanza, kama saa nane hivi, kuna kitu kililia juu ya mti kama mtu anakabwa koo, nikaamsha nyumba nzima, kumbe ni perere, yule pimbi wa mitini. Waambie watoto mapema.

Na hicho kimya kina historia yake. Pale palikuwa shamba la kahawa la yule mama wa Denmark, Karen Blixen, aliyekaa huko kuanzia 1914 hadi 1931. Kahawa haikumlipa, shamba lilikuwa juu mno, kama mita 1,800, baridi tupu (Julai utaniamini, beba blanketi zote na usimgawie mtu hata moja). Lilipouzwa likakatwakatwa ploti kubwa kubwa za Wazungu wenye magari, Mwafrika akiwa huko ni kibarua. Ndiyo maana mpaka leo nyumba ziko mbali mbali na duka haliko kona. Hakuna aliyepanga kwamba kuna mama atatoka kwa mguu kununua chumvi. Nyumba nyingi hazina hata mfereji wa maji taka wa kaunti, ni septiki na eksosta (lile lori la kunyonya maji taka), na maji ni ya kisima au ya lori, kwa hivyo kabla mzee hajasaini muulize nani analipia hayo yote, kampuni au nyinyi.

Upweke ndio nataka tukae hapo kidogo. Mimi nilimaliza miezi mitatu bila kujua jina la jirani. Katikati yetu kulikuwa na ua wa kayaba, ile miba yake ndefu kama sindano ya kushona magunia, nilikuwa naona paa lao tu na moshi. Alafu masika fulani mti ukaangukia nyaya, stima ikapotea siku mbili, jioni ya pili nasikia hodi kwa geti, ni mzee wa makamo na tochi na sufuria ya uji, anauliza kama watoto wamekula kitu cha moto. Alikuwa ameishi hapo miaka mingi sana, na akaniambia nyumba yangu hajawahi kuingia. Tangu siku hiyo tulikuwa tunapelekeana vitu mpaka nikahama. Sasa najiuliza, ile miezi mitatu mimi nilikuwa nangoja nini?

Wewe usingoje mti uanguke. Wiki ya kwanza pika chapati zako, shika watoto mkono, bisha geti la kushoto na la kulia. Askari wa geti atakuangalia, mwambie tu wewe ni nani, maana askari ndiye anajua kila kitu, nani amesafiri, nani amefiwa, nani ana mtoto wa miaka 9.

Na tembea. Karen iko mbili dadangu, ya magari na ya miguu. Saa kumi na mbili asubuhi barabara imejaa watu wanaenda kazini, wametoka Kuwinda, Ngong, Dagoretti, Kibera, na wote wanasalimiana kwa majina kama pale Umoja. Mimi nikitembea kuna kizuizi askari aliniuliza wiki mbili mfululizo natafuta kazi kwa nani. Iliniuma, nisikudanganye. Lakini ndiko nilikopata marafiki, na ndiko nilionyeshwa Kuwinda, mtaa wa mabati dakika chache tu kutoka kwa yale mageti makubwa, sukuma ni freshi na bei ni ya kwenu.

Watoto ndio watateseka zaidi mwanzoni, kwa sababu huko kucheza ni mpaka wazazi wapigiane simu. Usione haya kupiga ya kwanza. Wapeleke msitu wa Oloolua na baiskeli, tafuta kanisa la kuingia kwa mguu, na Jumamosi moja kila mwezi warudi Umoja walale kwa Mama Brayo. Chama pia usitoke, matatu namba 24 inakuleta tao kupitia Lang'ata, hapo unapanda ya Umoja, ni mbali lakini ni siku moja tu.

Ukichukua msichana wa kazi, mkumbuke. Wewe una mzee na simu na siku ukichoka unatoka. Yeye ni mle ndani Jumatatu mpaka Jumamosi, hana wa kuongea naye lugha ya kwao. Mpe Jumapili nzima, na chakula cha mchana kaeni mezani pamoja.

SWALI: Shangazi nimepata kazi Karen, nimeona SQ (nyumba ndogo ya wafanyakazi nyuma ya nyumba kubwa) ya bei poa huko, nichukue? – Kijana wa Kayole

JIBU: Uliza kwanza kama stima ina mita yako au unagawana na nyumba kubwa, geti linafungwa saa ngapi, na kama mgeni wako anaruhusiwa kuingia, maana nimeona vijana wamehama kwa sababu ya hilo la mwisho peke yake. Alafu kabla ya kulipa, shuka steji saa mbili usiku uitembelee kwa mguu mpaka mlangoni.