Bonasi ya walimu: wastani ukipanda, mtoto amejua nini?

Swali: Mimi ni mwanabodi wa shule ya msingi ya binafsi hapa Bamburi. Mshauri mmoja anatushawishi tuwape walimu bonasi kila muhula wastani wa darasa unapopanda. Tuweke asilimia ngapi ya mshahara?

Jibu: Ndugu mwanabodi, asilimia iache kwanza. Maswali ya namna hii hayaishi, na yote yanachukulia kwamba wastani ukipanda basi watoto wamejifunza.

Jambo hili lilishapimwa hapa hapa Kenya, Busia na Teso, mwishoni mwa miaka ya 1990. Walimu wa shule 50 waliahidiwa zawadi za asilimia 21 hadi 43 ya mshahara wa mwezi. Alama za mtihani wenye zawadi zikapanda kweli. Lakini utoro wa walimu ulibaki pale pale, ufundishaji haukubadilika. Kilichozidi ni vipindi vya kudurusu mtihani. Zawadi zilipokoma, faida ikayeyuka.

Darasa la hivyo nimelikalia Kisauni. Mtoto anazungushia C bila kusita. Umuulize kwa nini, anakwambia, "Ticha alisema jibu refu ndilo."

Sisemi bonasi haifai kamwe. Tanzania, 2013 na 2014, mradi wa KiuFunza ulilinganisha shule 350. Ruzuku peke yake, yaani fedha za shule za vitabu na vifaa, haikusogeza kitu; bonasi ilipoandamana na ruzuku ndipo watoto walipojifunza wazi wazi. Tena mwalimu alilipwa kwa kila mtoto aliyefaulu, na watahini walitoka nje ya shule. Nyinyi vitabu vinawatosha?

Wanaonichosha ni hawa wauza mipango, na laptopu zao na grafu za mshale kwenda juu. Hawakwambii kwamba njia nyepesi ya kupandisha wastani ni kumwondoa mtoto mzito: anaambiwa arudie darasa, au siku ya mtihani abaki kwao. Busia walilijua hilo, ndiyo maana asiyefika alihesabiwa kwa alama ya chini. Na kule Atlanta, Marekani, uchunguzi wa 2011 ulikuta udanganyifu katika shule 44, walimu wakifuta majibu ya wanafunzi na kuandika yaliyo sahihi. Watu wazima, na vyeti vyao!

Kabla ya kutia sahihi, muulizeni mshauri wenu: nani atatunga mtihani, nani atasahihisha, na asiyekuja atahesabiwaje? Akijibu "walimu wenyewe", mpeni chai aende zake.