Jibu: Binti wa miaka 17 kaandikiwa kosa la simu akiendesha

Salaam, mzazi mwenzangu. Umesema binti yako kaandikiwa kosa la kushika simu akiwa kwenye usukani, mwenyewe anadai alikuwa anatazama ramani tu gari likiwa limesimama kwenye taa, na wewe unataka ulipe faini yaishe.

Usilipe leo. Isome kwanza ile karatasi ya trafiki: ni kifungu gani, mwisho wa kujibu lini, na je, anatakiwa kufika mahakamani? Sehemu nyingi kulipa ni kukiri kosa, na ukishakiri huna tena nafasi ya kujitetea.

Kwa dereva kijana faini ndiyo nyepesi kuliko yote. Kinachouma ni pointi za makosa zinazoandikwa kwenye leseni, halafu bima kupanda bei. Uingereza, kwa mfano, kosa hili ni pointi 6, na dereva ambaye hajatimiza miaka 2 tangu afaulu mtihani hufutiwa leseni akifikisha hizo hizo 6.

Hoja ya ramani mimi nisingeitegemea. Mara nyingi kinachoangaliwa ni kama simu ilikuwa mkononi, na kusubiri taa bado kunahesabika kuwa ni kuendesha. Rekodi za kuonyesha hakupiga simu hazitamwokoa hapo.

Kwa mwanangu tulimuuliza karani wa mahakama kama kuna mafunzo ya udereva salama badala ya pointi. Yalikuwepo, akahudhuria, pointi hazikuandikwa. Uliza hilo kabla tarehe haijapita. Na mkiitwa, aongee binti mwenyewe. Wewe kaa pembeni, hata ulimi ukikuwasha.