Anaogopa kulala kwa sababu ya kifafa

Pole dada. Umesema mdogo wako wa miaka 15 hukesha akiamini kifafa humvizia usingizini, kisha darasani anasinzia. Namwelewa. Mimi nilianza kuanguka nikiwa kidato cha kwanza, na bibi akaniambia ni pepo wa usiku. Nilikuwa nakaa kitandani nimeegemea ukuta, redio masikioni, mpaka adhana ya alfajiri.

Kumbe nilikuwa najichimbia shimo. Kukosa usingizi ni kati ya vitu vinavyochochea kifafa zaidi. Ukikesha unaanguka, ukianguka unazidi kuogopa kulala.

Usimbishie kuhusu pepo, atanyamaza tu. Muulize anadhani nini kitampata akilala. Mimi niliogopa kufa peke yangu gizani, na kaka alipohamia chumbani kwangu nililala. Pangeni alale saa ileile kila siku, hata Jumamosi, na simu ibaki sebuleni.

Uchovu wote usiuweke kwenye hofu, lakini. Dawa za kifafa kama fenobabitoni huleta usingizi mchana. Mwelezeni daktari, huenda akabadili kipimo au saa ya kumeza. Asiache dawa ghafla, hiyo ni hatari kweli.

Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Povu haliambukizi. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, kimbizeni hospitali. Na kama amekata tamaa kabisa au anazungumzia kufa, usingoje tarehe ya kliniki.