Kijana wa mita kaja saa nane mchana

SWALI: Shangazi, assalam alaykum. Mie nakaa Fuoni, mume wangu yuko Pemba kikazi. Juzi saa nane mchana, watoto washalala, kapiga hodi kijana kavaa rifleksa na helmeti, ana begi na mkaratasi, kanambia mita yangu ya tukuza, hii ya umeme wa kununua kwanza, haijaboreshwa na mwisho ndo leo, jioni inazima na kuiwasha tena ni laki na nusu, lakini nikimrushia elfu thalathini kwa simu ananiingiza kwenye sistimu hapo hapo. Nkamrushia. Likatokea jina la mwanamke, nkamuuliza, kasema huyo ndo keshia wao. Sasa simu yake haipatikani na umeme haujazima. Nimetapeliwa au nisubiri?
Mama Wawili, Fuoni

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Usisubiri, ushapigwa. Wala usijione mjinga, maana huyo kijana uongo wake kaupakia juu ya jambo la kweli, na hapo ndo watu wengi wanapokwama.

Kweli yenyewe ni hii. Mita za tokeni, yaani zile namba unazopewa ukinunua umeme, zilikuwa zinahesabu muda tokea mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, kwa hivo duniani kote, si kwetu tu, kila mita ya aina hiyo ilitakiwa iingizwe tokeni mbili maalumu za namba 20 kila moja kabla ya siku hiyo. Unabonyeza kwa kidole chako kama unavoingiza umeme wa kawaida, imekwisha. Sasa nikuulize, tokea hapo umenunua umeme mara ngapi? Ukaingiza namba zako yuniti zikapanda? Basi mita yako ilishaboreshwa zamani, ingekuwa bado ingezikataa. Hapo pa kuuliza ni mita mwanangu, si yule mvaa helmeti.

Jengine hilo jina. Simu yenyewe ilikwambia pesa inakwenda kwa mtu, na jicho lako liliona, ulivouliza ulikuwa sawa kabisa, ila ulimuuliza mwizi. Ukiona jina la Fulani binti Fulani bonyeza ghairi, hata kama kakusimamia mlangoni anatizama saa. Na rifleksa isikutishe, hata mie ninayo, kaiacha mwanangu wa bodaboda naitundika jikoni.

Sasa hivi piga 100 kwa mtandao wako uwaambie muamala ule ni wa utapeli, pengine pesa haijatolewa. Namba yake itume 15040, ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripotia matapeli. Kisha nenda kituo cha polisi na ile meseji ya muamala, usiifute kwa hasira. Na umwambie sheha, maana huyo hakuja Fuoni kwa nyumba yako tu. Akija mwengine mwache nje mlango umefunga, hata akionyesha kitambulisho, stesheneri gani haichapishi kadi? Piga simu ofisi ya umeme kwa namba uliyonayo weye, si anayokupa yeye. Wa kweli atasubiri, atanung'unika lakini atasubiri. Na wakija wawili, mmoja akakwita nje umuonyeshe mita, huyo wa pili yuko wapi?

SWALI: Shangazi, mtu kanipigia eti nimelipa umeme zaidi nirudishiwe, kataka namba ya mita nkamtajia, alivotaka namba ya siri ya simu nkakata. Siku ya tatu hii silali, je ataweza kuniibia umeme?
Msomaji, Wete

JIBU: Lala baba. Ulikata pale pale pa kukata, anayekurudishia pesa hana haja na namba yako ya siri hata kidogo. Namba ya mita si siri, tokeni inatengenezwa kwa mita moja tu, ukiipeleka kwa jirani haingii. Mtu mwenye namba ya mita yako kubwa atakalokufanyia ni kukununulia umeme, na ukimpata wa hivo mpe na yangu.