Maswali na Majibu: Kata Tiketi ya Kurudi Kwanza

Desemba inakaribia na maswali yenu karibu yote ni ya safari: harusi, kipaimara, mahafali, msiba, Krismasi ya nyumbani. Nimechagua machache. Mlioniuliza "nauli ya Moshi shilingi ngapi?" bila kusema mnatoka wapi, mko wangapi na mnaondoka lini, sina la kuwajibu. Hili nililiomba mwaka jana pia.

Naishi Kimara, nina mke na watoto wawili wa miaka minane na mitatu. Tunataka kwenda Moshi Krismasi na nimetenga 250,000. Nategemea kukata tiketi tarehe 22 mshahara ukitoka. Itatosha?

Kaka, kabla ya fedha tuzungumze tarehe. Tarehe 22 Desemba mwenye familia ya watu wanne hapati viti vinne pamoja, na akivipata atakuwa amevinunua kwa kijana wa stendi ya Mbezi aliyevishika tangu asubuhi. Hapo ndipo bajeti yako inapofia.

Piga hesabu mwenyewe. Viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, vya Desemba 2023 viliweka basi la daraja la kawaida shilingi 48.47 kwa kilomita kwa kila abiria, na daraja la kati 67.84. Dar hadi Moshi ni kama kilomita 550, kwa hiyo unaangalia kama 27,000 kwa la kawaida na 37,000 kwa la kati. Hakikisha kama viwango vimebadilika, lakini anzia hapo. Ukikatia watu wanne daraja la kawaida, kwenda na kurudi ni 216,000. Unabakiwa na 34,000 za kula njiani, gari la kupanda kijijini, na sukari ya bibi. Haitoshi. Mdogo akipakatwa, tiketi ni 162,000 na unabakiwa na 88,000. Hapo unaweza kusafiri kwa heshima.

Sasa fanya hivi. Shule zikifungwa, mama na watoto watangulie kabla ya tarehe 18. Wewe fuata peke yako. Mtu mmoja hakosi kiti. Na siku mnayokata ya kwenda, kateni na ya kurudi. Kila Januari naona familia zimekaa juu ya mabegi stendi ya Moshi siku ya pili na ya tatu, watoto wanalia, nauli iliyobaki imeliwa kwenye chipsi na gesti, na ada ya shule inasubiri Dar. Kwenda kila mtu anakwenda. Kurudi ndiko kunakowafilisi watu. Kama huwezi kulipia kurudi leo, huna nauli ya kwenda. Rudini tarehe 27 au 28, kabla ya umati wa mwaka mpya, au subirini wiki ya kwanza ya Januari ipite.

Nikienda stendi siku yenyewe siwezi kupata punguzo?

Desemba, njia ya kaskazini? Hapana.

Naolewa Rombo, wageni wangu wanatoka Dar. Niwaambie washukie Moshi stendi?

Hapana, dada, utawarudisha nyuma kwa fedha yao wenyewe. Washukie Himo, hapohapo wapande magari ya Marangu, Mkuu hadi Tarakea. Wa Mwika na Marangu nao ni Himo. Wa Machame wapitilize Moshi washukie njia panda ya Machame. Na kwa kuwa nimeulizwa pia: wa Usangi ni Mwanga, wa Lushoto ni Mombo. Andika hayo kwenye kadi ya mwaliko. Kadi zina mashairi, maua na picha za maharusi, lakini mgeni hajui ashuke wapi.

Kaka wa rafiki yangu anaoa Mwanza. Kamati inataka mchango wa 100,000 na sare ya 70,000. Nikilipa vyote sibaki na nauli. Nifanyeje?

Safari yenyewe ni mchango. Mtu anayetoka Dar hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100, kwa basi, akalala huko, akarudi, ameshatumia zaidi ya huo mchango anaodaiwa. Mwambie mwenye harusi, si mwenyekiti wa kamati: "Nitakuja, mchango wangu ni huu mdogo, sare sitaweza." Sema mapema. Usiahidi halafu ukazima simu wiki ya harusi.

Nasema na kamati pia, maana mnasoma hapa. Sare ya rangi moja kwa wageni 300 haimsaidii bwana harusi wala bibi harusi. Inamsaidia mpiga picha. Shangazi aliyemlea bibi harusi anakaa nyumbani kwa aibu kwa sababu hana kitenge cha rangi mliyochagua, na mnaona ni sawa? Nimeshuhudia watu wakikopa kwa riba kwa ajili ya nguo ya siku moja. Acheni.

Tumefiwa, tunasafirisha mwili kutoka Dar kwenda Kilimanjaro. Tumepata Coaster ya bei nafuu, mwenye gari anasema tuondoke saa mbili usiku, tuzike kesho, turudi usiku huohuo ili tusilipe siku ya pili. Tuko watu 30. Ni sawa?

Poleni sana na msiba. Lakini hapana, si sawa, na nakuomba ukawaambie wazee wa familia leo.

Februari 2023, usiku, eneo la Korogwe, Coaster iliyobeba mwili na waombolezaji kutoka Dar kwenda Moshi iligongana na lori. Watu zaidi ya 15 walikufa, wengi wao wa ukoo mmoja. Walikuwa wanakwenda kuzika mtu mmoja. Ninaposoma barua kama yako naiona barabara ileile, Segera, Korogwe, Mombo, na dereva mmoja ambaye mchana kutwa alikuwa kwenye shughuli nyingine mjini.

Angalia unachookoa. Siku ya pili ya gari, mkigawana watu 30, ni fedha ndogo kwa kila mmoja. Iongezeni kwenye rambirambi. Ondokeni alfajiri. Kama ni lazima kusafiri usiku, wawepo madereva wawili, na mmoja wenu mtu mzima akae mbele macho wazi na asione haya kusema "simamisha, ulale". Mkishazika, dereva alale kitandani, siyo kwenye kiti, ndipo mrudi.

Kabla ya kulipa ulizeni mambo haya na yaandikwe: gari lina kibali cha kukodiwa kwa safari hiyo? Mafuta ni ya nani? Chakula na malazi ya dereva ni ya nani? Likiharibika njiani nani analeta jingine? Idadi ya viti kwenye karatasi ni ngapi? Mkiwa 30 na viti havifiki 30, waliozidi wapande basi la kawaida. Kigoda cha katikati si kiti.

Na msikubali Noah ya mtu binafsi eti kwa sababu ni jirani. Gari binafsi likibeba abiria kwa malipo, bima yake huenda isiwahusu abiria hao. Likipinduka, mtachangishana tena.

Basi la usiku si linaokoa fedha ya gesti?

Linaokoa, na tangu zuio lililodumu kuanzia miaka ya 1990 lilipoondolewa mwaka 2023, mabasi ya usiku yanasafiri kwa ratiba rasmi. Mimi silipingi kwa safari ndefu kama ya Mwanza au Bukoba. Chagua kampuni inayoweka madereva wawili na uwaone kwa macho kabla ya kupanda. Fedha ikae mwilini, simu isibaki kwenye chaja ya kiti wakati umelala, na usipokee juisi wala biskuti kwa jirani usiyemjua, hata kama ana mtoto mgongoni. Basi likikufikisha saa kumi usiku, kaa ndani ya stendi penye taa mpaka kuche.

Chakula beba cha kwako. Chapati, mayai ya kuchemsha na maji lita moja na nusu vinakutoa Dar hadi Singida. Wanaolalamika kwamba safari imewamaliza wengi wamemalizwa na sahani za hoteli basi linaposimama dakika ishirini.

Mdogo wangu anahitimu Dodoma. Treni au basi?

Treni ya SGR. Nauli ya kawaida ilipoanza mwaka 2024 ilikuwa 31,000, mwendo wa saa nne hivi, na ukipanda ya alfajiri na kurudi ya jioni hulipi gesti, ambazo wiki ya mahafali hupanda bei bila huruma. Kata mapema, zote mbili. Stesheni mpya ya Dodoma siyo ile ya zamani ya katikati ya mji, kwa hiyo weka nauli ya bajaji.

Nakwenda harusi Unguja, kisha Pemba kuwaona ndugu wa mume. Naambiwa kuna vyombo vya bei chee.

Panda boti zenye ofisi, ukate tiketi ndani ya ofisi, si kwa kijana anayekuita getini bandarini Dar. Beba kitambulisho. Kwa Pemba hasa, chombo kikijaa, shuka. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, siku chache baada ya Idi, imebeba watu kupita uwezo wake. Kulala usiku mmoja zaidi Unguja kwa ndugu si hasara.

Sisi ni vijana sita wa Likoni, tunataka kwenda Maulidi ya Lamu. Tunalala wapi kwa bei nafuu?

Muulizeni mwalimu wa madrasa yenu kwanza. Vikundi vinavyokwenda msikiti wa Riyadha hupata mahali pa kufikia, na mtu anayekwenda peke yake hulipa bei ya mtalii. Basi la Mombasa linapitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Vitambulisho mkononi, kuna vizuizi vya usalama. Na msichanganye tarehe: Maulidi ya Riyadha ni mwishoni mwa Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, siyo tarehe 12 ya mwezi huo. Kila mwaka kuna wanaofika mapema, fedha ikawaishia kabla ya maandamano ya zefe.

Tunafikia kwa shemeji, watu watano, siku nne. Tupeleke nini?

Mchele kilo kumi, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni. Vinunueni mnakofikia, msivisafirishe. Mashuka yenu bebeni. Na mwambieni shemeji siku ya kuondoka mkiwa bado hamjafika, kisha mwoneshe tiketi.